Kwenda Malindi kwa Baiskeli: Panga Chakula kwa Saa, Si kwa Kilomita

Wanaotaka kwenda Malindi kwa baiskeli huniuliza kwanza kuhusu chakula, na mara nyingi huja na ramani. Wametia alama Mtwapa, Vipingo, Kilifi na Gede, na kati ya alama na alama wameandika kilomita. Kazi yangu ni kupanga na kuongoza safari ndefu za baiskeli kutoka Mombasa, na jambo la kwanza ninalofanya na ramani ya namna hiyo ni kufuta kilomita na kuandika saa. Pwani hii chakula cha njiani hakikai mahali kikakungoja. Kibanda kilichojaa mahamri saa 1 asubuhi, ukikifikia saa 5 utakuta benchi tupu, karai limeoshwa na mwenyewe ameshaenda sokoni.

Nalisisitiza hili kwa sababu mwendesha baiskeli hawezi kuvumilia njaa kama abiria wa matatu. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya wanga ya kama gramu 400 hadi 500, nyingi yake ikiwa kwenye misuli na kiasi kidogo kwenye ini. Ukikanyaga kwa nguvu, akiba hiyo huanza kuisha baada ya saa moja na nusu au mbili. Wataalamu wa lishe ya michezo hushauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa katika safari ndefu, na ndizi moja ya kadiri ina kama gramu 25. Malindi ni kama kilomita 120. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, hizo ni saa 6 za kukanyaga kabla hujahesabu mapumziko. Anayekula Mombasa alfajiri na asile tena mpaka Malindi, nguvu zitamwisha njiani. Dalili ni zile zile kila mara: mtu anaacha kuzungumza, anabaki nyuma, mikono inatetemeka kidogo kwenye usukani, na ukimuuliza kama yuko sawa anakujibu kwa hasira. Hapo ameshachelewa. Itabidi akae kivulini, anywe kitu kitamu na angoje.

Tuanze na asubuhi, ambayo ndiyo yenye neema kuliko saa zote. Unga wa mahamri hukandwa usiku kwa tui la nazi na iliki, ukaachwa uumuke, na karai huwekwa motoni karibu na swala ya alfajiri. Wateja ni wanaotoka msikitini, wanafunzi, makuli, watu wa tuktuk na boda boda. Kuanzia Kongowea, Bombolulu na Bamburi hadi Mtwapa, mahamri na mbaazi za nazi hupatikana kwa urahisi kati ya saa 12 na saa 3. Sijui kifungua kinywa kinachomfaa mwendesha baiskeli kuliko hiki: wanga na sukari ndani ya hamri, nazi inayokaa tumboni, na mbaazi zenye protini na chumvi. Ongeza chai ya maziwa yenye tangawizi na umejaza tangi.

Lakini wengi hupita Mtwapa bila kula. Ni kilomita 17 hivi tu kutoka mjini, bado wanajiona wana nguvu, na wanasema watakula Kilifi. Kilifi ni kama kilomita 60. Kundi lililopanga kuondoka saa 11 alfajiri likaondoka saa 12 na nusu, kama makundi mengi yafanyavyo, halafu likasimama Vipingo kupiga picha kwenye mashamba ya mkonge, litavuka daraja la Kilifi karibu na saa 4. Mahamri yameisha na wali haujaiva.

Pengo hilo, kuanzia saa 4 hadi karibu saa 6, ndilo ninalolipangia kuliko kitu kingine chochote. Si kwamba vibanda vimefungwa. Mwenye kibanda yupo, anachambua mchele, anakuna nazi, anakaribisha vizuri, ila hana cha kukupakulia. Na pengo hili humkuta msafiri wa Malindi mahali pabaya, kati ya Kilifi na Gede, jua likiwa linapanda, vijiji vimeachana, na msitu wa Arabuko-Sokoke umeikaribia barabara. Utakachopata hapo ni vitu vya kuokoteza: mayai ya kuchemsha, chapati zilizobaki, ndizi, korosho zilizofungwa kwenye karatasi, maembe kama ni msimu wake, na madafu.

Kuhusu dafu niseme kitu, maana linaaminiwa kupita kiasi. Maji ya dafu yana potasiamu kwa wingi lakini sodiamu yake ni ndogo, na jasho linalokutoka kwenye joto letu la pwani linabeba sodiamu zaidi. Mtu anaweza kunywa madafu matatu akaendelea kujisikia mnyonge. Mimi huwaambia wanywe dafu, kisha wale kitu cha chumvi papo hapo: mhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili, ndimu na chumvi, au achari ya embe. Achari hiyo nainunua soko la Marikiti, Mombasa, siku moja kabla, pamoja na tende na korosho. Gramu 100 za tende zina wanga wa gramu 70 na zaidi, haziharibiki kwa joto, na zinaingia mfuko wa nyuma wa jezi. Hizo ndizo za kulivuka pengo. Usiziguse mpaka saa 4 ifike.

Njia nyingine ya kulivuka ni simu, na hii ndiyo ninayoipenda. Ukipata kibanda kizuri, chukua namba ya mwenyewe. Siku moja kabla ya safari mpigie, mwambie mko watu wangapi na mtafika saa ngapi. Mama aliyezoea kuinjika wali saa 4 ataanza saa 3 kama ana hakika ya sahani kumi. Mtumie malipo ya mwanzo kwa M-Pesa, kwa sababu yeye ndiye anayetoa pesa ya mchele na nazi, na kundi lisipotokea hasara inamwangukia yeye. Hata hivyo beba noti ndogo ndogo. Mtandao hupotea, na si haki kumpa muuza madafu noti ya 1000 asubuhi akuhangaikie chenji.

Je, utakijuaje kibanda kizuri usichokifahamu? Ramani za kwenye simu zinaonyesha mahoteli ya ufukweni na mikahawa michache ya mjini. Vibanda vingi havimo. Isitoshe, barabara ya kutoka Mombasa kwenda Mtwapa na Kilifi imekuwa ikipanuliwa, na waliokuwa wakipika kandokando wamelazimika kusogea. Alama ya mwaka juzi huenda leo ni mtaro. Kwa hiyo ninatazama watu. Steji ya boda boda yenye pikipiki nyingi haikosi chakula karibu, na vijana wale wanajua ni sufuria ya nani inayotoka sasa, maana hula hapo kila siku na kwa pesa zao wenyewe. Penye mjengo pana mama anayewapikia mafundi, na chakula chake hutoka mapema na ni kingi. Penye lori moja limesimama huenda ni pancha. Malori yakiwa matatu, simama.

Ukishasimama, salimia kwanza. Hii ni pwani, na mtu anayerukia chakula kabla ya salamu ataonekana hana adabu hata kama amechoka kiasi gani. "Shikamoo, mama," kisha ngoja "Marahaba, mwanangu." Ndipo uulize: "Nini kiko tayari sasa hivi?" Usiulize wana nini. Ukutani pamechorwa pilau, biriani, kuku, samaki, na ukiuliza wana nini utasomewa ukuta. Swali la kilicho tayari hukuokolea nusu saa. Na chakula kilicho motoni ndicho salama zaidi. Kachumbari iliyokatwa tangu asubuhi naiacha, na maji nakunywa ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa. Tumbo likivurugika kilomita 50 kutoka mjini hakuna dawa ya haraka.

Jambo la mavazi nalo nalisema kila safari. Kaptura za baiskeli zinabana, na ukiingia kijiji kama Takaungu umezivaa hivyo unawatia watu aibu nyumbani kwao. Kikoi au leso haina uzito. Jifunge kabla ya kushuka kwenye baiskeli.

Saa 6 hadi saa 8 mchana hakuna taabu. Wali wa nazi, maharagwe, mchicha, sima na samaki wa kupaka, vyote vinatoka karibu wakati mmoja, na Gede au Malindi utakula ushibe. Isipokuwa Ijumaa. Kwenye miji ya Waislamu hoteli nyingi hufungwa kwa ajili ya swala, kuanzia saa 6 na kitu hadi karibu saa 8, kwa hiyo Ijumaa uwe umekula kabla ya adhana au uwe tayari kupumzika hadi watu watoke msikitini. Baada ya hapo chakula hulala tena mpaka alasiri. Kuanzia saa 10 jioni makarai yanarudi: viazi karai, bajia, mihogo ya kukaanga, mishkaki kwenye makaa, na mama karanga na samaki wao waliokaangwa wakapangwa kwenye sinia. Anayerudi Mombasa jioni kupitia Mtwapa hana sababu ya kufika nyumbani na njaa.

Samaki wana kalenda yao, na kalenda hiyo hiyo ni ya upepo unaokupiga usoni. Wakati wa kusi, tangu kama Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka, vyombo vidogo vinatoka mara chache, samaki wanaadimika na bei inapanda. Lakini kusi hutoka kusini, hivyo hukusukuma mgongoni ukienda Malindi. Wakati wa kaskazi, kama Novemba hadi Machi, samaki ni wengi na maembe yamejaa, ila upepo unakukabili njia nzima. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa unashuka hadi 16, na hapo saa zako zote za kula zinasogea: Kilifi uliyodhani utafika saa 2 unafika karibu saa 3, na mwisho wa safari unakukuta alasiri badala ya mchana. Wakati wa kaskazi ninaondoka saa nzima mapema zaidi. Wanaolalamika kuamshwa saa 9 na nusu usiku hunyamaza wanapokuta mahamri bado ya moto.

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha kila kitu. Mchana hoteli nyingi za Waislamu hufungwa. Wasiofunga hupata chakula nyuma ya pazia, hasa Mtwapa na Kilifi, lakini ni kichache na hakitabiriki. Msafiri ana ruhusa ya kidini kula na kuilipa saumu baadaye, ila kutafuna hadharani mbele ya watu waliofunga ni kukosa heshima, awe Mwislamu au la. Mwezi huo ninafupisha safari, ninabeba chakula chote cha mchana, na ninahakikisha kundi limeshatulia mjini kabla ya magharibi. Uji, tende, kaimati, viazi vya nazi na sambusa vinatoka kwa pamoja, na mara nyingi mgeni aliyekaa na baiskeli yake kando huitwa kwenye mkeka. Akiitwa, akubali.

Njia ya kusini ni nyepesi kwa upande wa chakula. Baada ya feri ya Likoni hadi Ukunda, kama kilomita 30, vibanda havikatiki. Msambweni utakula vizuri, Ramisi utapata miwa, na ukiwa unaelekea Lunga Lunga hadi Tanga badilisha pesa mpakani, kwa sababu baada ya Horohoro, upande wa Tanzania, kuna kama kilomita 70 kabla hujafika mjini.

Njia ya Voi ndiyo inayovunja kanuni zangu zote za saa, na wanaoizoea Malindi huishangaa. Hapa anayepanga saa za kupika si msikiti wala shule. Ni dereva wa lori. Mariakani kuna mizani, malori yanapanga foleni usiku na mchana, na kwa hiyo utapata nyama, chapati na chai saa 8 usiku kama saa 8 mchana. Pengo la asubuhi halipo. Kuna pengo la aina nyingine, la mahali: baada ya Samburu, mji wa barabara hii na si kaunti ya kaskazini, nchi inakauka, hiyo ndiyo Taru, na barabara inaendelea kupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 500 pale Voi. Madafu yamebaki nyuma. Chupa mbili ndogo za kwenye fremu hazitoshi. Ninataka kila mtu awe na lita 3 kabla ya kuondoka Samburu, na tende mara mbili ya zile za Malindi. Mackinnon Road, karibu kilomita 100 kutoka Mombasa, pana msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali kando ya reli, na wasafiri wengi husimama hapo. Sisi pia husimama, tunajaza maji na kula kinachopatikana hata kama hatujasikia njaa, kwa sababu kituo cha maana kinachofuata ni Maungu, na jua la saa 7 huko halina mti wa kukukinga.