Kuacha sigara ukiwa kwenye makrobiotiki: chakula kwanza, fegi baadaye

Walaji wa makrobiotiki, yaani mfumo wa kula hasa nafaka isiyokobolewa, mboga na jamii ya kunde, hupenda kuuliza: kama chakula nimeshakisafisha, sigara mbili tatu zina ubaya gani? Swali hilo lina asili yake. George Ohsawa, Mjapani aliyeueneza mfumo huu, na Michio Kushi aliyeukuza Marekani, wote walikuwa wavutaji. Hapo ndipo ninapoachana nao. Lami ya moshi haijali umekula dona au sembe, na hakuna mboga inayoifuta kwenye mapafu. Chakula kinaweza kukupunguzia arosto ya wiki za mwanzo. Ukikosea, kinakuongezea.

Kosa kubwa ni kuanza vyote siku moja. Mtu anaacha sigara, kahawa, sukari na nyama Jumatatu; Jumatano kichwa kinamgonga, hajui kipi kinamdai. Arosto ya nikotini huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, na kichwa cha kukosa kahawa huja siku hizohizo. Kwa hiyo badili sahani kwanza, uizoee wiki mbili au tatu, ndipo upange tarehe ya kuacha sigara.

Sahani ya huku kwetu Mtwara na Lindi ni rahisi. Nusu iwe nafaka isiyokobolewa, dona au mtama. Robo mboga kama matembele au mlenda. Inayobaki mbaazi, kunde au choroko. Usihangaike kuagiza vitu vya Japani, maana mfumo wenyewe unasema ule kinachoota ulipo. Chumvi ya ufuta, ya kunyunyizia chakula, unaitengeneza nyumbani: vijiko 16 vya ufuta kwa kimoja cha chumvi, ukaange mpaka unukie, kisha utwange kidogo tu. Ukiuponda sana unatoa mafuta na kugandamana.

Sasa muhogo, jambo ambalo vitabu vya makrobiotiki havikulifikiria. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na moshi wa sigara nao una sianidi. Mwili huiondoa kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini, na aina mojawapo ya vitamini B12 husaidia kuinasa. Mvutaji anayekula ugali wa makopa kila siku, kisha akaacha samaki, mayai na maziwa eti ndiyo makrobiotiki safi, anajiumiza pande zote: sumu inaingia kwa milango miwili, B12 haiingii kabisa. Ganzi ya miguu au macho kufifia si "mwili kujisafisha", ni sababu ya kwenda hospitali. Rudisha dagaa au samaki mara chache kwa wiki. Makrobiotiki ya kawaida inaruhusu. Unga wa muhogo nao uloweshe kwa maji, uutandaze kwa unene usiozidi sentimita 1, juani saa 2 au kivulini saa 5, halafu upike siku hiyohiyo.

Kahawa ina ujanja wake. Moshi (si nikotini) huchochea kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini, kichangamshi cha kahawa. Ukiacha kuvuta, kimeng'enya hicho hupoa ndani ya siku chache, na vikombe vilevile vya kahawa chungu vinaacha kafeini karibu mara mbili kwenye damu. Mikono inatetemeka, usingizi unapaa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na mtu anasema, "Nahitaji fegi." Anachohitaji ni kupunguza kahawa. Kama ulikuwa unakunywa vikombe vinne barazani, kunywa viwili tangu siku ya kwanza.

Asubuhi usikae na njaa. Nikotini ilikuwa inaficha njaa, na sasa njaa na hamu ya sigara zinafanana sana. Kunywa uji wa mtama wenye karanga za kusaga mara uamkapo. Hamu yenyewe kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache. Tafuna karafuu, kipande cha tangawizi au mswaki wa mti ungoje ipite. Korosho ni mtego wa Mtwara. Gramu 30, kama punje 20, zina kalori 165 hivi, na anayeacha sigara huongezeka wastani wa kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza hata bila korosho. Pima kiganja kimoja, mfuko urudishe kabatini.

Choo kinaweza kuwa kigumu, kwa sababu nikotini ilikuwa inausukuma utumbo. Dona na kunde hutatua hilo, ila maji yawe ya kutosha, la sivyo nyuzinyuzi zake zinaziba zaidi.

Matunda msiyaogope. Katazo la makrobiotiki la matunda ya nchi za joto liliwalenga watu wa nchi za baridi. Mvutaji huhitaji vitamini C kuliko wengine, miligramu 35 zaidi kwa siku, na bibo (tunda la mkorosho) linalizidi chungwa mara kadhaa kwa vitamini hiyo.

Ukipata gamu ya nikotini, ile ya kutafuna inayosaidia kuacha sigara, itumie bila aibu. Makrobiotiki haivunjiki kwa hilo. Itafune taratibu mpaka iwashe, uiweke kati ya shavu na fizi, kisha urudie. Dakika 15 kabla, na wakati iko mdomoni, usinywe kahawa, ukwaju, ndimu wala juisi ya mabibo: uchachu huzuia nikotini kupenya mdomoni, ukaimeza, ukapata kwikwi na kiungulia, ukaishia kusema gamu haifanyi kazi.