Chapa ya kwanza ya ramani: maana yake na namna ya kuitambua

Chapa ya kwanza ni nakala zilizotoka mtamboni ramani ilipochapwa mara ya kwanza, kabla bamba la kuchapia halijarekebishwa wala kuongezwa kitu. Usiichanganye na toleo la kwanza. Toleo moja laweza kuchapwa mara kadhaa, na mwaka unaosomeka pale chini ukabaki uleule. Wauzaji wengi hutaja mwaka huo tu, na hapo ndipo mnunuzi anapolipia zaidi ya thamani.

Ramani za bahari za Uingereza, zile za bandari na miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, ndizo zinazodanganya kuliko zote. Tarehe ya kutolewa huandikwa chini katikati na hukaa hapo miongo mingi. Ukweli uko pembeni. Tazama kwanza kama kuna tarehe ya toleo jipya karibu na ile ya katikati, kisha shuka kona ya chini kushoto usome safu ya masahihisho madogo. Tarehe ya mwisho iliyochapwa hapo ndiyo inayokaribia zaidi siku nakala yako ilipotoka. Ikiwa katikati pana 1879 na kushoto pana 1931, unachoshika ni karatasi ya miaka ya 1930. Tumia lenzi ya mara 10: tarehe nyingine zimeandikwa kwa kalamu na wakala aliyeiuza au nahodha aliyekuwa akiitumia ramani baharini, na hizo hazihusiki na uchapaji.

Ramani za nchi kavu za Wajerumani hazina safu hiyo, kwa hiyo unasoma yaliyochorwa. Kwa Tanga kipimo kizuri ni reli ya Usambara. Ujenzi ulianzia Tanga mwaka 1893, reli ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Karatasi inayoonyesha reli iliyokamilika hadi Mombo haiwezi kuwa ya 1900, hata jalada liseme nini. Kinyume chake hakishiki: reli kutoonekana si ushahidi wa ukongwe, maana mchoraji huweza kuchelewa kupata habari. Angalia pia mstari wa vipande vipande, ambao huonyesha reli iliyopangwa tu. Bagamoyo ikitiwa alama ya makao makuu ya serikali, taarifa hiyo ni ya kabla ya 1891, mamlaka yalipohamia Dar es Salaam. Jina Tanganyika likitumika kwa nchi nzima, si kwa ziwa, umeshafika 1920 au baadaye.

Karatasi za ramani za skeli ya 1:50,000 zilizotengenezwa na wapimaji wa Uingereza kuelekea uhuru ni rahisi zaidi. Pambizoni huandikwa namba ya toleo, na mara nyingi pana msimbo mdogo wa uchapaji: 1,000/6/59 maana yake nakala 1,000, Juni 1959. Toleo la 1 lenye msimbo wa miaka mitano baada ya toleo hilo kutoka ni chapa ya pili au zaidi.

Basi pambizo ndiyo kitambulisho. Fundi wa fremu akiikata ili ramani ikae vizuri ukutani, amekata ushahidi, na bei ishuke.

Karatasi yenyewe hukanusha kuliko inavyothibitisha. Ramani ya bamba la shaba huacha mbonyeo wa mstatili kuzunguka mchoro. Ukipapasa nyuma utauhisi, ila ukikosa, huenda umekatwa. Vitone vya rangi vilivyopangana kama maua chini ya lenzi ni nakala ya kisasa. Taa ya urujuanimno (UV) nayo husaidia: karatasi iking'aa buluu-nyeupe, ina kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya 1950 hivi.

Atlasi ina matata yake. Ukurasa wa mbele huweza kuwa wa mwaka mmoja na karatasi za ndani za mwaka mwingine, kwani wachapaji walimalizia akiba ya zamani au walipenyeza ramani mpya. Hesabu karatasi zote ukilinganisha na yaliyomo, kisha pima kila moja kivyake. Ramani iliyokunjwa katikati na kubandikwa utepe wa karatasi mgongoni mara nyingi ilitoka kwenye atlasi. Anayeiuza kama ramani iliyotolewa peke yake aulizwe.