Naanza na Kutua: Ninavyopanga Rimoti ya Glaida ya Mota

Kiwanja tunachorushia ndege zetu ndogo za rimoti hapa karibu na Jinja, Uganda, ni uwanja wa mpira na nyongeza kidogo. Upande mmoja miwa, upande wa pili miembe miwili mikubwa, na nyuma ya miembe ndipo boda zinapopita. Glaida (ndege ya kuelea hewani hata mota ikiwa imezimwa) ya mabawa ya mita 3 ikiingia kwenye miwa, hata kama haikuvunjika, kuitafuta humo ndani ni kazi ya nusu siku, na unatoka umekatwakatwa na majani mikono yote. Kwa hiyo kijana akiniletea rimoti mpya na kuniuliza, "Mzee Fundi, tunaanzia wapi?", humjibu kwamba tunaanzia mwisho. Kwanza tutue.

Wengi huanza na mota kwa sababu mota ina utamu wake. Unabonyeza, inanguruma, watoto wanakusanyika. Kisha wanapanga mkia, wanapanga eleroni (vipande vya nje vya mabawa vinavyoinamisha ndege upande), na breki za kutua wanaziacha "tutaziona baadaye". Baadaye yenyewe hufika ndege ikiwa juu ya miembe, betri inaisha, na rubani hajui akivuta kijiti pua itainuka au itainama.

Kabla ya yote, vua propela. Sizungumzii kuzima mota, nasema ifungue uiweke mezani mbali nawe. Propela ya inchi 12 haijui kama bado unajifunza menyu.

Glaida ninayoizungumzia ina chaneli 7, yaani njia saba za amri: eleroni mbili, flapu mbili (vipande vya ndani vya mabawa), eleveta (kipande cha mkia kinachoinua na kuinamisha pua), usukani wa mkia (kwa Kiingereza "rudder"; sisemi rada, maana rada ni kitu kingine) na mota. Rimoti yangu inatumia EdgeTX, programu huria ya rimoti. Ukiwa na ya kampuni nyingine majina ya menyu yatabadilika, kazi ni ileile. Kila sevo (kimota kidogo kinachosogeza kipande kimoja) ipe chaneli yake, hakikisha inageukia upande sahihi, halafu usikimbilie kurekebisha katikati kwa vitufe. Toa mkono wa sevo kwenye meno yake uurudishe ukiwa karibu na nyuzi 90 na fimbo yake, kisha zungusha kiungo cha fimbo mpaka eleroni ilingane na bawa. Kilichobaki, kidogo kabisa, ndicho unachomalizia kwenye rimoti. Ukianza kwa kusogeza katikati asilimia 40 kwa vitufe, upande mmoja utakosa nafasi ya kwenda, na eleroni ya kushoto haitafanana tena na ya kulia.

Kwa flapu desturi hii haifai, na hapo ndipo wengi wanaponiletea ndege "iliyoharibika". Flapu inahitaji kushuka sana, nyuzi 60 au hata 70, lakini kupanda inahitaji milimita chache tu. Mkono wa sevo ukiwekwa wima katikati, nusu ya mwendo wake unapotea upande wa juu usiotumika. Uinamishe tangu mwanzo, ili flapu ikiwa sawa na bawa, sevo iwe tayari karibu na mwisho mmoja wa mwendo wake. Unapata mwendo mrefu wa kushuka, na sevo haiungui kwa kusukuma mahali pasipokwenda.

Sasa kutua. Kijiti cha kushoto, ambacho kwenye ndege za kawaida ni cha mota, kwangu ni cha breki. Kikiwa mbele kabisa, bawa ni safi. Ukikivuta kuelekea kwako, flapu zinashuka na eleroni zote mbili zinapanda pamoja. Wenzetu wa Ulaya huita umbo hilo kipepeo, wengine kunguru. Flapu zinakokota hewa kama jembe linavyokokota udongo, na eleroni zilizopanda zinapunguza nguvu ya kuinua kwenye ncha za mabawa, ili ncha zisizimike, yaani zisiishiwe ghafla na nguvu ya kubeba, kabla ya katikati na ndege ikapinduka karibu na ardhi. Mimi huzipandisha nyuzi kama 15 hadi 20. Zikipanda kupita hapo utaona ndege imekuwa nzito kugeuka, kwa sababu zimeshatumia mwendo wao na hazina pa kwenda.

Hilo lina matokeo yake. Katika kuruka kwa kawaida eleroni huenda juu zaidi kuliko zinavyoshuka, mara nyingi mbili kwa moja, ili pua isivutwe upande usiotakiwa kwenye kona. Kwenye breki sheria hiyo inakugeukia. Eleroni imeshapanda, kwa hiyo iliyobaki na kazi ni ile inayoshuka, na wewe umeibana isishuke. Weka tofauti hiyo ipungue kadiri breki zinavyovutwa, hadi sifuri breki zikiwa kamili.

Kisha eleveta. Flapu zikishuka, pua ya ndege nyingi huinuka. Msimu wangu wa kwanza niliweka fidia ya eleveta (eleveta kushuka yenyewe ili pua isiinuke) kwa mstari ulionyooka: breki nusu, fidia nusu, breki zote, fidia yote. Mezani ilipendeza. Angani, robo ya breki tu, glaida iliinua pua kama jogoo anayetaka kuwika, ikapoteza mwendo, ikadondoka kwa bawa la kushoto ndani ya miwa. Kosa lilikuwa mstari wenyewe. Pua huinuka zaidi flapu zinapoanza kushuka, na baadaye mabadiliko hupungua. Kwa hiyo fidia ni mkunjo. Yangu ina pointi 5: sifuri, halafu kwenye robo ya kijiti tayari zaidi ya nusu ya fidia yote imeingia, kisha unakaa karibu tambarare mpaka mwisho. Namba hasa utazipata juu, mita 80 au 100, ukivuta breki polepole na kuangalia pua. Usizitafute chini.

Acha pia eneo la kijiti lisilofanya kitu, asilimia 5 za mwanzo. Kidole kikitetemeka kwa furaha ya kupata hewa nzuri inayopanda, breki zisifunguke.

Na kumbuka tuko wapi. Jinja iko karibu mita 1,170 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 11. Glaida ileile inayotua Mombasa, hapa itapita juu ya nyasi kwa kasi zaidi kidogo, kama asilimia 6. Ukichukua mipangilio ya mtu wa pwani ukaiweka kama ilivyo, utaona uwanja umefupishwa.

Mota sasa. Naiweka kwenye swichi, na swichi ya pili ni kufuli: bila kufuli kufunguliwa, mota haigeuki hata ukibonyeza nini. Kuwaka, ichukue kama sekunde moja kufika nguvu kamili, ili propela, ambayo ni ya kujikunja, isifunguke kwa kishindo. Kuzima iwe papo hapo. Kwenye kidhibiti cha mwendo wa mota washa breki yake, la sivyo propela itaendelea kuzunguka kwa upepo badala ya kujikunja, na utashangaa kwa nini glaida yako inaanguka kama jiwe. Nguvu ya mota huinua pua pia, kwa hiyo hali ya kupanda (seti ya mipangilio ya wakati mota inafanya kazi) ina eleveta yake, milimita moja au mbili chini.

Sababu nyingine ya swichi badala ya kijiti ni mashindano ya F5J, ya glaida za mota kama hizi, ya FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga. Mota inaruhusiwa sekunde 30 tu, na ukiiwasha tena mruko huo hauna alama. Kifaa kidogo ndani ya ndege hurekodi kimo kikubwa ulichofika tangu mota ilipowaka hadi sekunde 10 baada ya kuzimwa. Kila mita hadi 200 inakukata nusu alama, na juu ya 200 kila mita inakukata 3. Mtu anayezima mota mita 60 na kupata hewa inayopanda anamshinda aliyekwenda 180, wakikaa hewani muda uleule na kutua sawa. Sisi hatuna mashindano kiwanjani kwetu, lakini nawafunza vijana hivyo hivyo. Mota ni ya kukupandisha, kisha unatazama kaloli, wale korongo wakubwa. Kaloli wakizunguka bila kupiga bawa juu ya mabati ya soko saa tano asubuhi, hapo ndipo pa kwenda, na mtandao wowote wa utabiri wa hali ya hewa hautakuambia mapema zaidi.

Hali nyingine za kuruka ni nyepesi. Ya kuzunguka kwenye hewa inayopanda: flapu chini milimita 2, eleroni chini kidogo zaidi ya moja. Ya kukimbia: zote juu milimita 1. Weka mabadiliko kati ya hali yachukue nusu sekunde au zaidi, ndege isishtuke. Waliozoea wanaongeza na usukani unaofuata eleroni. Mimi kwa mwanafunzi huuacha mbali, ajifunze kidole cha kushoto kina kazi gani.

Kabla ya kurudisha propela, zima rimoti ukiwa umeshika ndege, uone risiva (kipokezi kilicho ndani ya ndege) inafanya nini ikipoteza mawimbi. Mota lazima ife. Mimi huongeza breki nusu na usukani kidogo upande mmoja, ili ndege ishuke kwa kuzunguka badala ya kwenda zake hadi mji wa Kakira. Risiva nyingine hukumbuka mipangilio hiyo wakati wa kuunganishwa na rimoti tu, kwa hiyo ukiibadilisha, jaribu upya.

Kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kishughulikie kabla hujanunua hata betri.

Jumamosi iliyopita kijana wangu alirusha ya kwanza yake. Alipanda, akazima, akavuta breki juu kabisa mara tatu kama nilivyomwambia, akashuka, akaongeza pointi ya pili ya mkunjo kutoka 55 hadi 62, akapanda tena. Safari ya nne alitua hatua nane kutoka miguuni pangu, pua imenyooka. Akaniuliza kama sasa anaweza kuchezea mota.