Klasi Haisafishi Msimbo Mchafu

Ukianza leo kujifunza PHP, lugha ya kuandikia tovuti, hutakaa sana kabla ya kuambiwa kwamba fankisheni ni za wanagenzi na klasi ni za mafundi. Maneno hayo yanarudiwa kwenye kozi fupi, yanarudiwa kwenye usaili wa kazi, na anayeyasema ni nadra kuulizwa sababu. Yana ukweli kiasi, lakini upotofu ni mwingi zaidi.

Kwanza tuelewane kinachobishaniwa. Fankisheni ni kipande cha msimbo chenye jina kinachofanya kazi fulani kila kinapoitwa. Katika mtindo wa fankisheni, data iko kando na hatua za kuishughulikia ziko kando: unaipitisha kwenye fankisheni moja, kisha nyingine, mpaka ukurasa utoke. Katika mtindo wa obijekti, data hufungwa pamoja na fankisheni zinazoruhusiwa kuigusa, kifurushi hicho ndicho kinachoitwa obijekti, na klasi ndiyo inayoeleza kiweje.

Dhana: obijekti ndiyo usasa, fankisheni ni ukale

Simula 67, lugha iliyoleta klasi na urithi (klasi moja kuchukua sifa za nyingine), ilitungwa Oslo na Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, katika miaka ya 1960. Lugha ya C, ambayo wengi huitaja kama mzee wa mtindo wa fankisheni, ilizaliwa baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa umri tu, hoja imeshaanguka.

Ila chanzo cha dhana hii kinaeleweka. Rasmus Lerdorf alipoitoa PHP mwaka 1995, ilikuwa mkusanyiko wa vifaa vidogo alivyoviandika kwa C kwa ajili ya ukurasa wake binafsi. Klasi ziliingia na PHP 3 mwaka 1998, tena nusunusu. Hata katika PHP 4, obijekti ikipitishwa kwenye fankisheni kwa njia ya kawaida, kilichofika ni nakala, na mabadiliko yaliyofanywa huko hayakuonekana ilikotoka. PHP 5 ndiyo iliyolirekebisha hilo, Julai 2004. Basi aliyekulia ndani ya PHP ana haki ya kuiona obijekti kama mgeni wa juzi. Kwingineko upepo umevuma hata kinyume: tangu toleo la 16.8 la React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, lililotoka Februari 2019, mambo mengi yaliyolazimu kuandikwa kwa klasi huandikwa kwa fankisheni, na lugha ya Go, iliyotangazwa 2009, haina klasi kabisa.

Dhana: fankisheni huleta vurugu, klasi huleta mpangilio

Tazama mysqli, kiunganishi cha PHP na MySQL, ambayo ni mfumo wa kanzidata (ghala la data). Unaweza kuandika `mysqli_query($db, $sql)` au `$db->query($sql)`. Kazi ni ileile na matokeo ni yaleyale. Aliyebadilisha ya kwanza kuwa ya pili katika faili zake zote hajapanga chochote, ameongeza mishale tu. Vivyo hivyo klasi iliyojaa fankisheni za `static` (zinazoitwa bila kuunda obijekti): hizo ni fankisheni za kawaida zilizopewa jina la ukoo.

Mpangilio unatoka kwingine. Chukua tovuti ya kikoba chenye kanuni kwamba mwanachama asikope zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Kama kanuni hiyo imeandikwa kwenye fomu ya mkopo, ikaandikwa tena kwenye ukurasa wa mhazini, na mara ya tatu kwenye faili linalopokea maombi kutoka simuni, basi siku mkutano ukiamua iwe mara mbili, mtu atarekebisha sehemu mbili na kuisahau ya tatu. Dawa ni kuiweka kanuni mahali pamoja. Iwe ni `anawezaKukopa($mwanachama, $kiasi)` au `$mwanachama->anawezaKukopa($kiasi)`, mhazini hatajua tofauti.

Faida halisi ya obijekti hapa ni nyingine. Kama mwanachama ni safu ya kawaida ya PHP, faili lolote linaweza kuandika `$mwanachama['akiba'] = 0` na hakuna wa kulizuia. Ukiifanya akiba kuwa `private`, lugha yenyewe inakataa, na kila badiliko linalazimika kupita kwenye njia uliyoichagua. Kwa mfumo unaoandikwa na watu watano wasioonana kila siku, hiyo ni faida kubwa. Kwa ukurasa wa mawasiliano wenye fomu moja, sioni ya nini.

Hata hivyo ulinzi huo una mpaka, na kozi nyingi huuruka. Katika mfumo wa kawaida wa PHP, kila ombi linaanza upya: obijekti zinaundwa, ukurasa unatumwa, obijekti zinakufa. Mwanachama mmoja akituma maombi mawili ya mkopo kwa wakati mmoja, seva itaunda obijekti mbili za mtu yuleyule, kila moja ikiamini kwamba akiba haijaguswa, na zote zitasema anaruhusiwa. Kinachozuia hapo ni kanzidata: muamala (hatua kadhaa za kanzidata zinazofanywa kama moja) wenye kufunga mstari wa mwanachama huyo kwa `SELECT ... FOR UPDATE`, unaolilazimisha ombi la pili kusubiri la kwanza liishe. Klasi iliyopambwa vipi haikusaidii kitu kama hukufanya hivyo.

Dhana: obijekti ni salama zaidi

Hii ndiyo inayonikera, kwa sababu watu huibiwa data wakiiamini. `private` inamzuia mwandishi mwenzako asiguse asichopaswa kugusa. Mdukuzi haijui wala haimhusu. Ukitumia PDO, kiunganishi kingine cha kanzidata ambacho ni cha obijekti tupu, kisha ukaunganisha maandishi ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL (lugha ya kuiuliza kanzidata), umeacha mlango wazi sawasawa na yule wa fankisheni. Kinga ni kutenganisha amri na data kwa `prepare`, na hiyo ipo hata kwa fankisheni: `mysqli_prepare`.

Wengine hutoa ushahidi kwamba fankisheni za zamani za `mysql_` ziliondolewa katika PHP 7 mwaka 2015. Ni kweli ziliondolewa, lakini si kwa kuwa zilikuwa fankisheni. Zile za mysqli zipo hadi leo. Za zamani hazikuwa na `prepare`, na zilikuwa zimeachwa nyuma na MySQL yenyewe.

Tena kuna shambulio linalotegemea obijekti hasa. Ukipokea maandishi kutoka kwa mtumiaji na kuyapitisha kwenye `unserialize`, inayogeuza maandishi kuwa data au obijekti, anaweza kukuundia obijekti anazozitaka yeye kutokana na klasi zako mwenyewe, na methodi (fankisheni za ndani ya klasi) kama `__destruct` zikajiendesha bila wewe kuziita. Tumia JSON, muundo wa maandishi unaobeba data tupu.

Dhana: obijekti hupunguza kasi

Huipunguza kidogo mno kuliko watu wanavyodhani. Muda mwingi wa ombi hupotea kusubiri kanzidata na mtandao. Kinachochelewesha kweli ni kama hiki: orodha ya wanachama 50 inayouliza kanzidata mara moja kwa orodha, kisha mara moja kwa mikopo ya kila mmoja, jumla maulizo 51. Maktaba zinazogeuza majedwali kuwa obijekti hurahisisha kosa hilo, kwa sababu ulizo hujificha nyuma ya neno kama `$mwanachama->mikopo`. Lakini kitanzi cha `foreach` chenye `mysqli_query` ndani yake hufanya uleule uharibifu.

Dhana: lazima uchague upande

WordPress, programu ya kuendeshea tovuti iliyoanza 2003, hupanuliwa kwa fankisheni za `add_action` na `add_filter`, na ndani yake kuna klasi kama `wpdb` na `WP_Query`. Udhaifu wake unajulikana: fankisheni nyingi zinagawana uwanja mmoja wa majina, ndiyo maana waandishi wa programu-jalizi hutanguliza vifupisho kwenye majina yao yasigongane. Drupal, programu nyingine ya aina hiyo, ilifanya safari nzima kutoka fankisheni kwenda obijekti. Toleo la 8, Novemba 2015, lilijengwa upya juu ya vipande vya Symfony, mkusanyiko wa klasi za PHP, na moduli za Drupal 7 zikalazimika kuandikwa upya. Tovuti nyingi hazikuhama, na Drupal 7 ikaendelea kuhudumiwa hadi Januari 2025.

Kwenye PHP kuna sababu moja ya kuegemea klasi ambayo haitajwi sana, nayo ni ya kiufundi tu. Composer, programu ya kuingizia maktaba za PHP, inaweza kupakia klasi pale tu inapohitajika. Fankisheni haziwezi hivyo. Inakubidi uorodheshe faili zake chini ya `files` katika composer.json, na zote zitapakiwa kwa kila ombi, hata lile lisilozihitaji.