Mkwawa Hakuuawa Kalenga

Wageni wengi wanaofika Kalenga, kijiji kilicho kando ya Mto Ruaha Mdogo, karibu na mji wa Iringa, huamini kwamba hapa ndipo Wajerumani walipomuua Chifu Mkwawa, kiongozi wa Wahehe. Si kweli, na inaumiza kusikia historia ikifupishwa hivyo.

Kalenga ilikuwa makao yake makuu, yenye ngome ya ukuta wa mawe. Wahehe walikuwa wamewashinda Wajerumani Lugalo, Agosti 1891, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akafia hapo. Wajerumani walijipanga upya, wakarudi na mizinga, na Oktoba 1894 ngome ikaanguka. Lakini Mkwawa aliponyoka! Alipigana vita vya kuvizia karibu miaka minne, wananchi wakimficha na kumlisha, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi mwenyewe ili asikamatwe. Kaburi lake liko Mlambalasi.

Kinachowachanganya watu, nadhani, ni fuvu la Mkwawa. Lilipelekwa Ujerumani, likarudishwa 1954, na sasa limo kwenye makumbusho ya Kalenga. Nje ya hapo maisha yanaendelea: wakulima wanamwagilia nyanya na vitunguu kwa maji ya mto uleule.