Kutu ya gari haianzii pale unapoiona

Wiki hii pekee nimeambiwa mara nne: "Fundi, ni kidonda kidogo tu. Piga msasa, paka filla, tupulize rangi." Wa nne alikuwa mwalimu mstaafu kutoka upande wa Maseno, mwenye Toyota 110 ambayo ameitunza kuliko wengi wanavyotunza gari jipya. Ilikuwa na malengelenge matatu, kila moja kama punje ya mahindi, kwenye ukingo wa madigadi ya nyuma kushoto. Alitaka anunue mwenyewe filla, ule uji mzito wa kusawazishia bati unaoganda ukawa mgumu, afanyie kazi nyumbani, nami nimwelekeze kwa simu. Nikamwambia, "Mwalimu, lilete kwanza gereji kwangu Kibuye, hapa Kisumu, nilione."

Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Niliifunga kitambaa laini isikwaruze rangi, nikaiburuta kutoka chini ya kioo cha nyuma kwenda chini. Ilishika vizuri mpaka ilipobakisha kama upana wa kiganja kufika kwenye malengelenge, ikaachia, maana sumaku inashika chuma, haishiki filla. Nikagonga hapo kwa mpini wa bisibisi, sauti ikawa ya katoni. Nikasukuma ncha, ikazama. Kwa koleo nikavuta gazeti lililokunjwakunjwa, limelowa chepechepe, ilhali jua lilikuwa limewaka siku tatu mfululizo. Kuna fundi aliyewahi kuziba tundu kwa gazeti, akapaka filla juu, akalipwa. Mwalimu hakujua. Alilinunua gari likiwa linang'aa.

Chuma kikikutana na maji na hewa kinageuka kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi inavimba: kinachoisukuma kiko nyuma yake. Ukiona lengelenge nje, bati limeshaliwa kutoka ndani na umebakiwa na ganda. Ipo kutu inayoanzia nje, sikatai. Jiwe la barabara ya muram linachubua rangi, panabaki doa la rangi ya chungwa lisilovimba, na bisibisi haiingii. Hiyo ndiyo kutu ya msasa. Lakini watu wanachukua tiba ya doa wanaipeleka kwenye lengelenge, kisha baada ya mvua za masika wanakuja kulalamika kwamba filla ilikuwa feki.

Wengine wananiambia Kisumu hakuna bahari, ziwa letu ni maji baridi, kutu ni shida ya Mombasa. Ziwa halina chumvi, hilo ni kweli. Lakini magari yetu mengi yalitumika Japani kwanza, na sheria yetu inaruhusu yaingie mpaka yafikishe miaka 8. Kama gari liliishi sehemu za baridi kule, zile za kaskazini kama Hokkaido, barabara zake zilimwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Hapa tunaongeza ya kwetu. Tope jekundu linajibana nyuma ya madigadi na kukaa na unyevu wiki nzima. Magari ya Probox yanabeba samaki, barafu inayeyuka chini ya kapeti ya buti na kunyonywa na sponji iliyo chini yake. Nimeinua kapeti za namna hiyo nikaona barabara kupitia sakafu.

Sasa kazi yenyewe. Inawezekana kuifanya nyumbani, na sehemu kubwa yake ni uvumilivu. Toa waya hasi wa betri. Kama unakata karibu na tangi au bomba la petroli, acha, lete kwa fundi. Ndani ya gari toa kapeti na sponji, maana cheche moja ya grainda inatosha. Vaa miwani na barakoa.

Kwangua rangi na filla ya zamani yote mpaka uone bati jeupe pande zote. Watu wanakata pale tundu linapoishia. Usifanye hivyo. Kata mpaka upite kutu kwa sentimita mbili au tatu, mahali ambapo bisibisi inagonga na kurudi. Tundu la ukubwa wa shilingi litakuwa la ukubwa wa sahani, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kukumbuka filla. Chukua katoni, chora umbo, kata, jaribisha, punguza, ndipo uhamishie kwenye bati.

Bati gani? Bodi nyingi za gari ni kati ya milimita 0.7 na 0.9. Mimi napenda paa la gari lililokufa, kutoka skrepa, kwa sababu ni bati la aina ileile na lina unene uleule. Usitumie mabati ya nyumba. Ni membamba mno, na yamepakwa zinki. Zinki inachemka na kuwa moshi kabla chuma hakijayeyuka, na ukiuvuta moshi huo, jioni unatetemeka kama mwenye malaria. Nimewaona vijana wakinywa maziwa na kurudi kuchomelea bati lilelile. Maziwa hayatibu. Kinachosaidia ni kutouvuta moshi ule.

Kuchomelea ndiko nisikokushauri ujifunzie kwenye gari lako. Mashine ya rodi inatoboa bati jembamba, unaziba tundu moja unafungua mawili. Gesi inalikunja kwa joto. Kata na uandae mwenyewe, kisha umwite mwenye mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya mwembamba badala ya rodi, na waya wa milimita 0.6 akuchomelee. Mwambie apige nukta moja, aruke upande wa pili, apige nyingine, aache bati lipoe. Akivuta mstari mmoja mrefu, bati litakuwa na mawimbi. Na kama kutu imefika kwenye sili, lile boksi la chuma linalopita chini ya milango, usiruhusu mtu apige riveti. Sili ni sehemu ya mifupa ya gari.

Filla nina ugomvi nayo wa muda mrefu, kwa hiyo nivumilie. Filla si adui. Kazi yake ni kusawazisha bonde dogo juu ya bati zima lililo safi, unene wa milimita tatu hivi, basi. Si kiraka cha tundu. Ndani yake mna unga wa talki, nayo ikishagandana inabaki na vinyweleo. Inanyonya maji kama chaki. Halafu nenda gereji yoyote ya hapa mjini uone: kijana ana ndoo ya maji na sabuni, anasugua filla tupu kwa msasa wa maji kwa sababu haurushi vumbi na unateleza vizuri. Maji yale yanaingia kwenye filla, yanafika kwenye bati jeupe lililo chini, kisha yanafungiwa humo kwa praima, yaani rangi ya msingi, na rangi ya juu. Gari linatoka liking'aa, ila kutu imeshapandwa. Filla inasuguliwa kavu. Anza na msasa namba 80, nenda 120, malizia 240, futa vumbi, piga praima. Msasa wa maji ni wa juu ya praima iliyokauka, si kabla.

Na hadna, dawa inayochanganywa na filla ili igande, ipimwe. Ni kama asilimia 2 ya uzito wa filla. Kwa joto la saa saba mchana hapa Kisumu inagandana ukiwa bado unachanganya, kwa hiyo watu wanapunguza hadna ili wapate muda. Hiyo filla haitakauka sawasawa hata ukingoja wiki. Badala ya kupunguza hadna, punguza tonge: changanya kidogo kidogo, asubuhi, kivulini. Wanaozidisha nao wanapata madoa yanayopanda mpaka juu ya rangi.

Praima ya kijivu ya kawaida inapitisha unyevu. Gari likikaa na praima tupu miezi miwili likinyeshewa, kwa kuwa mwenyewe anangoja mshahara, kutu inafanya kazi yake chini ya kijivu hicho na wewe huioni. Kama unajua pesa ya rangi haijafika, tumia praima ya epoksi, hiyo inaziba. Puliza kati ya saa nne na saa nane, umande umeshakauka na mvua ya alasiri haijafika.

Dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosfori, inafanya kazi. Inaibadilisha kutu kuwa ngozi nyeusi iliyotulia. Ila inageuza ile inayoifikia tu. Ipake kwenye vishimo vidogo vilivyobaki baada ya grainda. Ukiipaka juu ya magamba manene, inapaka magamba rangi nyeusi.

Kuna mahali kutu inanishinda mimi pia. Pale mabati mawili yanapokutana na kubanwa kwa nukta za kuchomelea za kiwandani, kutu inaingia katikati, na hakuna msasa wala dawa inayofika huko ndani vizuri. Nafungua ninapoweza, nachoma kwa MIG, kisha napuliza nta ndani ya boksi la sili. Niliwahi kufungua sili mbili za gari moja, nilizozipulizia nta siku moja, kwa mkono mmoja. Baada ya miaka mitatu, ya kulia ilikuwa safi, ya kushoto imeanza tena kwenye kiungo. Tangu hapo simpi mtu ahadi ya miaka kwenye kiungo. Namwambia nimeichelewesha.

Kabla hujagusa msasa wowote, tafuta maji yanakoingia na yanakokwama. Chini ya kila mlango mna vitundu vya kutolea maji, na mafundi wengi wanavipulizia andakoti, ile lami nyeusi ya kukinga chini ya gari, wakidhani wanalinda gari. Mwaga jagi la maji taratibu kwenye kioo kwa nje, pale raba inaposhika kioo, kisha uangalie chini ya mlango. Tulifanya hivyo kwa mlango wa nyuma kushoto wa mwalimu. Halikudondoka tone. Nilichokonoa kitundu cha kwanza kwa spoki ya baiskeli, andakoti ikatoka nyeusi kama ulimbo, na nyuma yake yakaja maji ya kahawia yenye majani yaliyooza, yakajaza bakuli la filla nililokinga. Mwalimu aliinama akayatazama, akaniuliza, "Na hii mingine mitatu?" Nikampa spoki, akaanza na mlango wa dereva.