Kufunga ndoa Unguja si kibali cha kufundisha

Barazani utasikia: mwalimu wa kigeni akishafunga ndoa na mtu wa hapa, makaratasi yake yamekwisha. Bado. Cheti cha ndoa kinamfanya mkwe wetu, basi.

Anayetaka kusimama darasani, iwe Mjini au Chake Chake, ana milango miwili ya kubisha. Uhamiaji ni jambo la Muungano, hivyo kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji ya Tanzania. Ajira si jambo la Muungano. Kibali cha kazi hutoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Kwa hiyo aliyeruhusiwa kufundisha Dar es Salaam asidhani ruhusa hiyo inapanda boti pamoja naye.

Uraia ndio unaowachanganya wengi zaidi. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania aombe tajnisi, yaani uraia wa kuomba, kwa ajili ya ndoa hiyo. Bwana wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo, na mimi sioni kwa nini asiwe nayo. Yeye hufuata njia ya kila mgeni: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hapo jumla ya miaka 7 ndani ya 10. Na yeyote atakayekubaliwa ataukana uraia wa kwao, maana mtu mzima haruhusiwi uraia pacha.

Watoto hawana shida hiyo mpaka watimize miaka 18.